Mbegu Iliyopita Chunguni

Mwanamke mmoja alikuwa na chungu. Hakikuwa chungu cha ajabu. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kikubwa cha kuwatosha wavunaji, na mfuniko wake ulikuwa umemeguka ukingoni, ukitoa mvuke upande mmoja kama mzee aliyepinda mdomo. Mwanamke huyo aliitwa Somoe. Aliishi katika bonde la Mtepela, ambako watu walilima mtama, wakala mtama, wakagombania mipaka ya mtama, na kwa jumla wakaishi kama watu wengine mpaka serikali ilipogundua kwamba wapo.

Bonde hilo lilikuwa na desturi moja iliyoshikwa kuliko sala. Mtu hakufunua chungu cha mwenzake. Ungeweza kuingia jikoni kwa jirani bila hodi, ukaomba kaa la moto, ukaazima kinu, ukamsengenya mumewe naye amekaa palepale akisikia. Lakini mfuniko hukuugusa. Walisema desturi hiyo ilizaliwa mwaka wa njaa, ili aliyenacho asichekwe kwa uchoyo wala asiyenacho asiumbuke kwa maji matupu. Hata mama aliyemkabidhi mkwewe meko hakukifunua tena chungu kilichokuwa chake mwenyewe. Ilikuwa desturi njema. Mengi yanayotumaliza huanza yakiwa mema.

Ikaja amri ya pamba. Kila kaya ilitakiwa kulima kipande kilichopimwa, katika mistari iliyonyooka. Aliyeileta amri alikuwa Bwana Shamba, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na kamba ndefu yenye mafundo, ambayo aliitandaza ardhini ili mbegu zipange foleni. Watu walimwita Bwana Kamba, naye akadhani ni jina la heshima. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kazi ya kumpinga ingekuwa nyepesi.

Pamba haikuwa mgeni mpole. Ilitaka ipandwe mtama unapopandwa, ipaliliwe mtama unapopaliliwa, na ichumwe wakati ndege wameshaingia kwenye mtama na kila mtu anatakiwa awe juu ya dungu akipiga kelele. Ikishachumwa ilitaka mashina yake yang'olewe na kuchomwa moto, na aliyechelewa kuchoma alifungwa. Watu walilima pamba mwaka wa kwanza. Mwaka huohuo wakala mizizi ya porini. Mtoto wa mwisho wa Somoe aliila mizizi hiyo mpaka tumbo likajaa, kisha likavimba, kisha wakamzika. Mzee mmoja alisimama barazani akasema pamba hailiwi, na Bwana Kamba akamjibu kwa upole kwamba fedha ya pamba itanunua chakula. Hakueleza chakula hicho kingetoka wapi, maana mabonde yote ya jirani nayo yalikuwa yakilima pamba.

Somoe alikuwa na kaka yake, Ngalimwa, mrina asali, mtu aliyezoea kuumwa na bado akarudi mzingani. Baada ya mazishi yale Ngalimwa hakwenda tena porini. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Alikaa, alikunywa maji aliyopewa, akasema neno lilelile kila mahali: "Siku ya kugawa mbegu tuseme hatupandi. Si mimi, si wewe. Sote. Jela yao haina nafasi ya bonde zima." Watu wakamwambia amesema kweli. Wengine walimshika mkono kwa mikono yote miwili. Wengine walilia.

Siku ya kugawa mbegu, Bwana Mkubwa wa wilaya alikuja mwenyewe, akaketi kivulini, magunia ya mbegu ubavuni pake. Jina la kwanza likaitwa. Ngalimwa akasimama akasema, "Hatupandi."

Vijana wachache walisimama pamoja naye. Kisha, walipotazama nyuma wakaona ni wachache, wakakumbuka kwamba walikuwa wamesimama kujinyoosha tu, wakakaa. Waliobaki walitazama chini. Lazima palikuwa na sisimizi wa kupendeza sana ardhini siku ile, kwa jinsi watu wazima walivyowaangalia. Somoe naye aliwaangalia. Alimwona mmoja aliyebeba punje kubwa kuliko yeye, akamfuata kwa macho mpaka alipoingia shimoni, na alipoinua uso kaka yake alikuwa ameshafungwa mikono. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kuvuruga mkutano, ingawa mkutano wenyewe ulikuwa umetulia kuliko makaburi.

Walimweka katika banda la jumbe wakingoja gari. Somoe akampelekea uji. Askari alikuwa mtu wa mbali, hakujua lugha yao ya nyumbani, nao wakaitumia.

"Kaka, ungesema ndiyo tu," Somoe alisema. "Ungezipokea mbegu zao."

"Halafu?"

"Halafu ningezichemsha."

Ngalimwa alicheka, uji ukamtoka puani. Alicheka kama walivyocheka utotoni walipomwibia babu yao miwa. Kisha kicheko kikamwisha kidogokidogo.

"Ukimzoeza mtu kusema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa mkono," alisema, "siku utakapouhitaji mkono wake atakupa mdomo."

Somoe alikasirika. Alikuwa na kaburi dogo nyumbani ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka, na hapa kaka yake alikuwa akimtungia methali. "Na wewe mdomo wako umekufikisha wapi?" alimuuliza. Ngalimwa alitazama kamba mikononi mwake, kamba ya aina ileile ya Bwana Kamba ila isiyo na mafundo ya kupimia. Gari likaja. Likampeleka kuvunja mawe ya barabara.

Somoe hakuitisha mkutano. Alikuwa ameona mikutano inavyokuwa. Alikwenda mtoni na wenzake, na akiwa ameinama anasugua kata alisema, bila kumwambia mtu, "Mimi mbegu hizi naziosha kwa maji ya moto kwanza. Nasikia huua wadudu." Wanawake waliendelea kufua. Hakuna aliyeuliza maji yawe ya moto kiasi gani. Jioni ile moshi ulitoka katika kila jiko la Mtepela, nao haukuwa wa ajabu, kwa sababu jioni ni saa ya kupika, na hakuna serikali duniani iliyowahi kupata wakaguzi wa kutosha kukagua vyungu vya jioni.

Hata hivyo siku moja mkaguzi alifika. Bwana Kamba alikuwa akitoka kupima mashamba, mgongo umemkaza, akaona mlango wa jiko la Somoe uko wazi. Ndani alikuwamo Somoe, na jirani yake, bibi mmoja kizee aliyeitwa Nanjota, ambaye kazi yake duniani wakati huo ilikuwa kuota moto na kusema atakalo.

"Hodi, mama. Jikoni kunanukia kitu kigeni leo."

"Karibu, bwana. Ni dawa ya mgongo."

"Aa! Mgongo ndio unaoniua mimi. Ni majani gani hayo?" Na kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, mpenda kujua, alinyoosha mkono kwenye mfuniko.

Somoe aliuona mkono ule ukienda. Aliona kaburi, aliona mawe ya barabara, aliona bonde zima limefungwa kamba moja yenye mafundo.

"Bwana," alisema Bibi Nanjota kutoka motoni, "umeoa?"

"Nimeoa mwezi uliopita, bibi."

"Basi mkono wako urudishe mwenyewe. Huku kwetu mwanamume akifunua chungu cha mwanamke, hazai. Tulikuwa na mmoja. Mpaka leo anafuga kuku."

Mkono ulirudi haraka kuliko ulivyokwenda. Bwana Kamba alicheka kidogo, akasema hizo ni imani za zamani, akatoka. Hakurudi tena kutazama jiko lolote. Bonde lilikicheka kisa hicho kwa muda mrefu, na kila aliyekisimulia alimwongeza Bwana Kamba kasi ya kurudisha mkono.

Mbegu zilipandwa. Hazijawahi kupandwa mbegu kwa utii kama ule. Mistari ilinyooka kama nywele zilizosukwa. Mvua ikanyesha, na katika vipande vya pamba halikutoka hata jani. Bwana Kamba alipiga magoti, akafukua, akaikuta mbegu imevimba vizuri na kulainika kama iliyo tayari kuchipua, akafukia tena na kungoja. Aliwashauri watu wapande upya, nao wakapanda upya kwa moyo mmoja. Alitilia shaka mchwa. Alitilia shaka mwezi. Mwishowe alichota udongo katika kopo, na kopo lile likapelekwa mji mkuu kwa gari, likakaa mbele karibu na dereva, heshima ambayo hakuna mtu wa Mtepela aliyekuwa amewahi kuipata. Majibu yalichelewa kuja, yakaja na jina refu la kitu kilichopungua ardhini. Bwana Mkubwa akaitisha baraza akatangaza kwa masikitiko kwamba udongo wa bonde hili ni udongo uliokufa, na serikali imeamua kuusamehe. Watu walitikisa vichwa. Wanawake walilia, maana walikuwa wameshapata mazoezi, na Bwana Kamba mwenyewe alifuta machozi, akaondoka na kamba yake.

Siku hiyo zilipigwa ngoma. Ukatungwa wimbo wa Somoe na chungu chake, wimbo mzuri, wenye mkono wa Bwana Kamba ndani yake na sauti ya mfuniko. Ngalimwa hakuwamo katika wimbo. Ilikuwa vigumu kumtia, kwa sababu kila alipoingia, sisimizi nao waliingia.

Mkono husahau polepole kuliko kichwa. Jumbe alipoagiza wachukuzi wa mizigo, kila nyumba ilisema ndiyo ikampeleka mtu mwenye mguu mbovu. Hilo lilichekesha. Wamisheni walipoomba matofali ya zahanati, kila nyumba ilisema ndiyo ikaleta matofali yaliyokaushwa nje na mabichi ndani, na mvua ya kwanza ikaulaza ukuta. Hilo lilichekesha kidogo. Kisha watu wenyewe walikubaliana kutengeneza kivuko cha mto, ambacho hakikuagizwa na yeyote ila mto. Wote walisema ndiyo. Kivuko kilipochukuliwa na maji, ikaonekana nguzo zote ni za mti laini, ule unaokatika kwa shoka moja, na kila mmoja alikuwa ameleta ya kwake akijua kwamba za wenzake zitakuwa ngumu. Somoe aliiona miti ile ikielea. Alisema moyoni kwamba watu wamechoka tu. Yeye aliimbwa katika kila harusi, na mtu anayeimbwa huwa hasikii vizuri.

Miaka ikapita, bendera ikabadilishwa. Ngalimwa akarudi. Alikuwa amevunja mawe, kisha akavunja mengine kwa ujira kwa kuwa alikuwa amesahau kazi nyingine, na vumbi lilikuwa limemjaa kifuani hata akikohoa ulidhani mtu anasaga. Alimkuta dada yake ameshakuwa mjane na mama mkwe, meko ameyakabidhi kwa Siwema, mke wa mwanawe Mchopa, pamoja na chungu. Walisalimiana kwa kirefu. Juu ya pamba hawakusema neno.

Bwana Shamba mpya naye alikuja. Huyu alikuwa mtu wetu. Alivaa suruali ndefu, na hayo yalikuwa mabadiliko makubwa. Kamba ilikuwa ileile, kwa sababu ilikuwa mali ya ofisi. Aliitisha baraza akaeleza habari njema. Taifa lilikuwa linatafuta ardhi ya mkonge. Mkonge hauchagui udongo. Na kwa bahati nzuri, tangu zamani ilikuwa inajulikana kiserikali kwamba bonde la Mtepela ni udongo uliokufa, kwa hiyo hapakuwa na kitu hapo cha kuharibu. Itakuja tume kuutazama, kisha litakuja shamba kubwa. Watu watapata kazi, na kambi ya kuishi, nyumba zilizopangwa mstari. Akauliza kama kuna swali.

Hapo ndipo mtu alitakiwa kusimama aseme: bwana, udongo wetu ni mzima, tuliwachemshia mbegu. Wote walilijua neno hilo. Wote walijua pia kwamba katika sheria, hila ile ilikuwa bado na jina na kifungo chake, maana bendera mpya ilikuwa haijafikia ukurasa huo. Somoe alitazama chini. Sisimizi walikuwapo palepale.

Ngalimwa hakusimama barazani. Alianza tena kwenda nyumba kwa nyumba, akipumzika njiani penye kila kivuli. "Hawatatufukuza," aliwaambia. "Watatungoja. Mwezi wa njaa ukifika, ghala zikiwa tupu, tutashuka wenyewe barabarani kuomba kazi, na kila atakayeshuka ataacha kipande chake. Basi tusishuke. Tulime shamba moja la wote, pale ubavuni mwa barabara, mtama mtupu. Kila nyumba na kipande chake humo, mavuno ghala moja, njaa ikija tule pamoja. Na tume yao itakapokuja kutazama udongo uliokufa, iukute umesimama na masuke. Hatutahitaji kusema neno. Shamba litasema."

Somoe aliona ni shauri zuri kuliko lolote alilowahi kusikia. Ndani yake hapakuwa na mtu wa kupelekwa kuvunja mawe. Alitoa mtama wake bora wa mbegu, ule uliokuwa darini umehifadhiwa kwa majivu na majani machungu usiguswe na wadudu wala kushawishi tumbo la mtu. Wengine nao walitoa. Wakauchanganya, Ngalimwa akaugawa kata kwa kata, hadharani, kila nyumba ikiitwa jina. Kila nyumba ikasema ndiyo.

Walisema vizuri mno. Somoe alikuwa amekaa kando, mgongo umemwinamisha, akasikia ndiyo ile ikipita mdomo kwa mdomo, laini, haina kona. Alikuwa ameisikia mahali. Lakini Ngalimwa alikuwa anatabasamu, na hakuwa amemwona akitabasamu tangu siku ya uji.

Siku chache kabla ya kupanda, alipita mlangoni mwa jiko lililokuwa lake. Siwema alikuwa amechuchumaa anachochea kuni. Chungu kilikuwa motoni, mfuniko unapumua upande mmoja. Harufu iliyotoka haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya majivu na majani machungu.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Dawa ya mgongo, mama," Siwema alisema. "Si unaumwa?"

Somoe alisimama. Kati yake na mfuniko palikuwa na hatua ya mtoto. Mkono wake ulitoka kwenye khanga, ukafika nusu ya njia. Yeye ndiye aliyelitunga jibu lile. Kama kulikuwa na mtu mmoja chini ya jua aliyejua bei yake, ni yeye. Lakini chungu hakikuwa chake tena, na mama mkwe anayefunua chungu cha mkwewe amemvua nguo. Na zaidi ya hayo mgongo ulikuwa unamuuma kweli. Aliurudisha mkono, akasema, "Mungu akubariki," akaenda kungojea dawa. Haikuletwa. Naye hakuiulizia.

Shamba la wote lilipandwa kwa nyimbo. Mvua ikanyesha ya kutosha. Ukatoka mstari mmoja wa kijani, kipande cha Ngalimwa, na hapa na pale kwa watu wawili watatu wasio na akili ya mjini. Kwingine kote palibaki pekundu, pamelowa, pamenyooka. Watu walipita barabarani, wakatazama, na kila mmoja akashangaa kwa dhati. Maana kila mmoja alijua habari za kipande chake tu.

Tume ikaja kwa gari. Wakashuka mabwana wenye viatu safi wakasimama ukingoni. Bwana Shamba alitikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Tuliwaambia." Ngalimwa alikuwa amesimama katikati ya mtama wake, ukimfika kiunoni, peke yake katika uwanja ule wote kama unywele mmoja kwenye kipara. Mmoja wa mabwana akampungia mkono.

"Mzee, hicho kipande umekitia mbolea gani?"

Ngalimwa alianza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkalisha chini ndani ya mtama, wasimwone tena. Wakaandika kwamba kipande kimoja kina hali ya pekee, wakapanda gari.

Somoe alingoja waondoke. Akaingia shambani na kijiti, akapiga magoti kwenye kipande cha kwanza, akafukua. Punje ilikuwa imevimba na kulainika. Aliinusa. Akaenda kipande cha pili akainusa, na cha mwenye kuomba dua harusini, na cha kijana aliyewahi kusimama kujinyoosha, ambaye sasa alikuwa na wajukuu. Hakuwa na haja ya kufika mwisho lakini alifika. Mwisho kulikuwa na kipande cha nyumba yake. Alifukua hapo kwa vidole, kijiti amekiacha, akaipata punje, akaiweka kiganjani kama mtu anayepokea salamu za rambirambi.

Nyumbani alimwonyesha Siwema. Hakupaza sauti. Siwema aliitazama punje, kisha akamtazama mama mkwe wake bila hila yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza Somoe kuliko uongo.

"Nani angepalilia, mama? Nani angekaa juu ya dungu kufukuza ndege, na shamba letu wenyewe lina ndege? Nilijua wenzetu wote watapanda nzima. Kipande kimoja kingepunguza nini?"

"Kila nyumba imesema hivyo, Siwema."

"Mimi nitajuaje ya kila nyumba? Sifunui vyungu vya watu. Na tangu nipate akili, mbegu iliyogawiwa kwa kuitana majina huchemshwa. Ndivyo nilivyoimbiwa. Wewe ndiye wimbo wenyewe, mama."

Mwezi wa njaa haukuchelewa; huo haujawahi kuchelewa. Ghala la wote lilikuwa na sakafu tu. Nyumba ya kwanza ilishuka barabarani alfajiri kwa aibu, ya pili ilishuka mchana, na zilizofuata zilishuka zikisalimiana. Karani wa mkonge aliwauliza kama wanakubali masharti, wakasema ndiyo. Mchopa alishuka. Siwema alishuka nyuma yake, chungu kichwani, mfuniko umefungwa kwa ugwe usianguke, na katika kambi ile ya nyumba za mstari nasikia kinafanya kazi mpaka leo, wala msimamizi hajawahi kupata wafanyakazi wanaosema ndiyo vizuri kama wale.

Somoe alibaki kwa ajili ya Ngalimwa, aliyekuwa hawezi tena kushuka wala kupanda. Hakumlaumu dada yake. Mara moja tu alimwambia, "Ule mdomo wangu, Somoe, ulisema haki. Nao haukufika popote." Alikufa mtama wake ukiwa umeiva na ndege wapo ndani. Somoe aliuvuna mwenyewe, ule ulioachwa na ndege, akautia majivu na majani machungu, akauweka katika kibuyu. Trekta lilipofika kwenye kipande kile alikuwa ameshakaa barabarani na kibuyu mapajani. Ni mbegu nzima, kila punje. Hana pa kuipanda, wala hajui wa kumkabidhi.

Watu wakisimuliwa habari hii humcheka Bwana Kamba, nao wana haki ya kucheka. Lakini wewe uliyemdanganya bwana ukamshinda, nakuuliza: mwenzako akikukabidhi mbegu leo, itapita wapi kabla haijafika shambani?